Wifi anasema soya itamletea binti yangu saratani ya matiti. Nimwage unga?

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili wa kike, naishi Songea. Mkubwa ana miaka 9, mdogo ana miezi 2. Soya tunalima wenyewe, na mkubwa amekua kwa uji wa lishe tangu alipoanza kula: mahindi, soya, karanga, ulezi, mchele na ngano, vyote nasagisha pamoja. Soya huwa naiosha na kuianika tu. Anakunywa kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya shule, na mara mbili kwa wiki tunapika nyama ya soya.

Majuzi aliniambia titi la kushoto linamuuma. Nilipogusa nikakuta kidonge kigumu chini ya chuchu, ukubwa wa harage dogo. Kulia hakuna kitu. Wifi yangu alipoona akasema hiyo ni soya, kwamba ina homoni za kike, inaotesha matiti kabla ya wakati na baadaye inaleta saratani. Hofu yake ina sababu: mama yao, yaani bibi wa hawa watoto, alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 62. Ananisihi nimwage unga wote, na mtoto nimpeleke akatolewe hicho kidonge mapema.

Tena mwezi ujao narudi kazini. Rafiki amenishauri mdogo nimwanzishie maziwa ya soya, ya kopo au ya kutengeneza nyumbani, maana ya ng'ombe yatamharisha. Sasa kama soya ni mbaya kwa mkubwa, kwa huyu mchanga itakuwaje?

Mama wa wawili, Songea

JIBU

Mama wa wawili, pole kwa mashaka. Nianze na lile lisilosubiri: mtoto asikatwe. Kidonge kigumu kidogo, kinachouma, kilicho chini kabisa ya chuchu kwa msichana wa miaka 9, karibu kila mara ni titi lenyewe linaanza kuota. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13. Kuanza upande mmoja ni kawaida, na upande wa pili unaweza kuchelewa miezi kadhaa. Maumivu nayo ni ya kawaida, hasa akijigonga au akilalia tumbo. Kidonge hicho ndicho chanzo cha titi zima la baadaye. Kikiondolewa, upande huo unaweza usiote tena au ukaota ukiwa umeharibika, na hilo halirekebishiki kirahisi. Wapo wasichana waliopata kilema cha maisha kwa upasuaji wa namna hii ambao haukuhitajika. Daktari akiwa na shaka, kipimo cha kuanzia ni ultrasaundi, ambayo haikati wala haichomi.

Usikiminye kila siku kuona kama kimekua, wala usikikande kwa kitambaa cha moto. Mtafutie singlendi laini ya pamba isiyombana, na umweleze kinachotokea mwilini mwake kabla hajaelezwa na wenzake shuleni. Hedhi ya kwanza huja kama miaka 2 au zaidi kidogo baada ya matiti kuanza, kwa hiyo muda wa kumwandaa unao.

Mpeleke kwa daktari ukiona mojawapo ya haya: titi limekuwa jekundu, lina joto na mtoto ana homa, chuchu inatoa damu au usaha, uvimbe uko pembeni, mbali na chuchu, na unakua haraka, au hedhi imekuja matiti yakiwa ndiyo kwanza yameanza. Angekuwa hajatimiza miaka 8 ningekuambia umpeleke wiki hii hii. Hapo daktari huuliza pia kuhusu vitu ambavyo wazazi hawavifikirii, kama mafuta ya nywele yenye plasenta au krimu zenye homoni ambazo mtoto anapakwa au anachovya kwa mama yake. Vitu hivyo vimewahi kuotesha matiti ya watoto wadogo, na vikiachwa matiti hurudi nyuma.

Je, soya imeharakisha? Kwa umri wake hakuna kilichowahi. Na walipofuatiliwa wasichana wanaokula soya kama chakula, hofu ya wifi haikuonekana. Huko Dortmund, Ujerumani, watoto wamepimwa mwaka hadi mwaka tangu uchanga, na wasichana waliokula zaidi viini vya soya kabla ya balehe walianza kuota matiti wakiwa wamechelewa kidogo kuliko wenzao. Nchini Marekani, miongoni mwa wasichana wa Kiadventista (Wasabato), ambao wengi wao hula soya badala ya nyama, ulaji wa soya haukubadilisha umri wa kuvunja ungo. Kinachojulikana kuharakisha balehe ni uzito uliozidi, kwa kuwa mafuta ya mwilini yenyewe hutengeneza estrojeni.

Wifi yako hajatunga, lakini ameshika nusu ya habari. Soya ina viini vinavyoitwa isoflavoni, vikuu vikiwa ni jenisteini na daidzeini. Umbo lake linafanana na estrojeni, homoni ya kike, kiasi kwamba vinaweza kukaa kwenye vipokezi vyake ndani ya seli. Ila nguvu yake ni ndogo mno kuliko estrojeni ya mwili. Tena vipokezi viko vya aina mbili, alfa na beta. Estrojeni ya mwili inashika vyote viwili. Jenisteini inaelekea zaidi kwenye beta, na beta mara nyingi ndiyo inayozuia seli za titi zisizaliane ovyo. Ndiyo maana huwezi kuchukua neno “homoni” ukahesabu kwamba soya itafanya yote ambayo estrojeni inafanya. (Na ndiyo maana vidonge vya soya vinavyouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kukuza matiti ya mabinti ni pesa ya kutupa. Mwambie hivyo mapema, maana akifika sekondari ataviona.)

Kilichowashangaza watafiti ni umri. Titi la mtoto ni mirija michache. Wakati wa balehe ncha za mirija hiyo hugawanyika kwa kasi, zikijenga matawi na vifundo vitakavyokuja kutoa maziwa. Ncha hizo ni changa, seli zake zinazaliana upesi, na hapo ndipo titi linapodhurika kirahisi. Ushahidi mchungu wa jambo hili ulitoka Hiroshima na Nagasaki: kati ya wanawake walionusurika bomu la atomiki, waliokuwa chini ya miaka 20 wakati wa mlipuko ndio ambao hatari yao ya saratani ya matiti iliongezeka zaidi, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuja miaka mingi baadaye. Yanayolipata titi utotoni, yawe mabaya au mazuri, yanabaki nalo.

Katika maabara za Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, panya majike wachanga walipewa jenisteini kabla ya kupevuka, kisha wakiwa wakubwa wakapewa sumu inayosababisha uvimbe wa matiti. Waliopewa jenisteini utotoni walipata uvimbe mchache zaidi. Matiti yao yalipochunguzwa, zile ncha changa zilikuwa chache na vifundo vilivyokomaa vilikuwa vingi. Jenisteini ilikuwa imelikomaza titi mapema, na seli iliyokomaa si rahisi kupotoka.

Kwa binadamu, ushahidi mwingi umetoka Shanghai na kwa Wamarekani wenye asili ya Asia. Mwaka 2001 watafiti wa Shanghai waliripoti kwamba wanawake waliokula soya kwa wingi kati ya miaka 13 na 15 walikuwa na saratani ya matiti kwa kiwango cha karibu nusu ya waliokula kidogo kabisa. Mwaka 2009 utafiti mwingine, wa wanawake wenye asili ya China, Japani na Ufilipino wanaoishi California na Hawaii, uligawa maisha katika vipindi. Waliokula soya zaidi wakiwa na miaka 5 hadi 11 walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 60 hivi. Kwa ulaji wa ujanani na wa utu uzima upungufu ulikuwa mdogo zaidi, asilimia 20 na kitu. Yaani faida iliyoonekana ilikuwa kubwa zaidi kwa soya iliyoliwa utotoni.

Usizichukue namba hizi kama ahadi, tafadhali. Wanawake hawa waliulizwa wakiwa watu wazima walikula nini utotoni, na kumbukumbu hupotosha. Katika baadhi ya tafiti hata mama zao waliulizwa ili kuhakiki, lakini mama naye ni binadamu. Vilevile familia iliyokula soya kila siku ilikuwa na tabia nyingine: mboga nyingi, mafuta kidogo, miili myembamba. Nisingekuambia umpe mtoto soya kama dawa ya kukinga saratani. Ninachokuambia ni kwamba katika tafiti hizi, ilipotafutwa hatari ya soya ya chakula kwa matiti, mizani iliegemea upande wa kukinga.

Sasa tupime kikombe chake. Unga wa soya isiyokamuliwa mafuta una isoflavoni takriban miligramu (mg) 150 hadi 180 kwa kila gramu 100, kutegemea mbegu. Kikombe cha uji kinatumia kama gramu 40 za unga, na ikiwa sehemu moja kati ya tano ni soya, hiyo ni gramu 8, ambazo zina mg 12 hadi 14. Nyama ya soya, gramu 20 kavu kabla ya kulowekwa, inaweza kumpa mg 20 hadi 30 siku mnazopika. Watu wazima wa Japani na China hula mg 25 hadi 50 kwa siku kwa chakula cha kawaida. Binti wa kilo 28 kwa uji wake anapata kama nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili. Hicho ni chakula. Asivuke milo miwili ya soya kwa siku, si kwa kuogopa matiti bali ili dagaa, mayai, maharage na mboga navyo vipate nafasi tumboni.

Vidonge na unga uliochujwa wa isoflavoni ni habari nyingine. Kidonge kimoja kinaweza kubeba kiasi cha siku nzima au zaidi, bila protini wala kitu kingine. Mtoto asipewe, na mjamzito pia aviache.

Tuje kwa mdogo, na hapa swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo ya soya peke yake hana chakula kingine cha kuchanganya. Anapata isoflavoni mg 6 hadi 9 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 5 anapata mg 30 hadi 45, sawa na mtu mzima wa Tokyo, katika mwili ulio mdogo mara kumi. Je, wamedhurika? Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watu wazima 811 nchini Marekani waliokuwa kwenye utafiti wa maziwa ya kopo walipokuwa wachanga, wengine ya soya, wengine ya ng'ombe. Ukuaji, balehe na uzazi vilifanana. Wanawake wa kundi la soya walipata hedhi iliyorefuka kidogo tu. Huko Israel, wasichana waliolelewa kwa maziwa ya soya walionekana kubaki na tishu ya titi katika mwaka wa pili mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2010 jopo la serikali ya Marekani liliyaweka maziwa haya kwenye daraja la wasiwasi mdogo. Kwa hiyo si sumu, lakini kiasi ni kikubwa na umri ni mdogo mno kuanza bila sababu ya kitabibu. Sababu hizo ni chache: galaktosemia, ambapo mtoto hawezi kabisa kutumia sukari ya maziwa, na kukosa tangu kuzaliwa laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo, ambako ni nadra sana. Njiti hapewi. Hofu ya kuharisha peke yake haitoshi.

Ya kutengeneza nyumbani usimpe kabisa katika umri huu. Soya uliyoloweka, ukasaga na kuchuja haina kalisi ya kutosha, haina vitamini B12, mafuta na zinki havijapimwa kwa mtoto mchanga, na ikiwa haikuchemka vizuri ina vizuizi vinavyomzuia asimeng'enye protini. Mtoto anaweza kushiba kila siku huku anapata utapiamlo.

Una njia bora zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Zungumza na mwajiri kabla ya siku ya kurudi. Anza kukamua wiki mbili kabla, asubuhi baada ya kunyonyesha, hata kama mwanzoni unapata vijiko vitatu. Tumia chombo chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji, nyuma kabisa, si mlangoni. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, usiyachemshe. Dada wa kazi ampe kwa kikombe kidogo, si chuchu ya chupa. Nawe unafaidika: uchambuzi wa mwaka 2002 uliounganisha tafiti 47 kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya mama kupata saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Ukitafuta kinga ya matiti humo ndani mwako, anza na hiyo.

Jambo moja la mdogo nilitaje kwa kuwa nalo linagusa matiti: mchanga, wa kike au wa kiume, anaweza kuvimba matiti na hata kutoa tone la maziwa wiki za mwanzo, kwa homoni za mama alizozaliwa nazo. Asikamuliwe. Kukamua ndiko kunakoleta jipu.

Unga wako sasa. Humo ndimo ninapoona tatizo, na halihusu homoni. Soya iliyooshwa na kuanikwa tu bado ni mbichi. Ina vizuizi vya tripsini, ambavyo hukifunga kimeng'enya cha kumeng'enya protini. Mtoto anajaa gesi, anaharisha, na ile protini uliyoitafuta inapita. Uji wa dakika tano hauviui. Fanya hivi. Chagua soya, toa zilizovunda. Chemsha maji mengi kwanza, ndipo utumbukize soya yakiwa yanatokota. Ukianzia maji baridi, zile harufu za ubichi zinazowafanya watoto wakatae zinapata muda wa kutengenezwa. Acha ichemke dakika 25 hadi 30. Mwaga maji yale, tia baridi, fikicha kwa viganja mpaka maganda yatoke, suuza yaelee uyamwage. Anika juani siku 2 au 3 mpaka ukiuma punje inakatika kwa mlio. Kaanga kwa moto mdogo bila mafuta hadi rangi ya dhahabu na harufu ya karanga, iache ipoe kabisa, ndipo usage. Kuchemsha kunapunguza isoflavoni kidogo tu zinazotoka na maji, kwa hiyo usikuchukulie kama njia ya “kutoa homoni”.

Acha pia kusaga vitu sita kwa pamoja. Kila moja ina muda wake wa kuiva, na karanga zikisagwa humo mafuta yake yanachacha ndani ya wiki chache. Hatari kubwa zaidi ni ukungu: karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hubeba sumukuvu, na sumukuvu inasababisha saratani ya ini. Hilo limethibitishwa bila ubishi, tofauti na hofu ya soya. Chukua nafaka moja, mahindi au ulezi, sehemu 4, na soya sehemu 1. Unga wa soya uweke kwenye chombo chake chenye mfuniko, saga wa mwezi mmoja tu, uuchanganye wakati wa kupika. Karanga, zilizochaguliwa na kukaangwa, zitie kama siagi ya karanga uji ukikaribia kuiva, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe. Uji uchemke dakika 15 hadi 20 ukikorogwa.

Soya ina faiteti inayozuia madini ya chuma. Mpe binti chungwa pamoja na uji, na chai iahirishwe saa nzima. Chumvi iwe yenye madini joto, kwani soya nyingi bila madini hayo hulemea tezi ya shingo. Akitokea mtu humo ndani anayemeza vidonge vya tezi hiyo, asivinywe karibu na uji wa soya. Apishane nao saa 4.

Mwisho ni wifi mwenyewe. Bibi mmoja aliyefariki kwa ugonjwa huu akiwa na miaka 62 hamweki mjukuu wa miaka 9 kwenye kundi la kufuatiliwa. Lakini wifi ni binti wa marehemu, na mwanamke ambaye mama yake aliugua ana hatari inayokaribia mara mbili ya wengine. Anawahangaikia watoto wako, pengine yeye hajapimwa. Mwambie aende kliniki ya afya ya uzazi, ataje ugonjwa wa mama yake na umri aliougua, apimwe matiti kwa mikono na mtaalamu kila mwaka, na akifika miaka 40 aulize mamografia (picha ya eksirei ya matiti) inapatikana hospitali ipi ya karibu. Uulizie pia shangazi na binamu upande huo. Wakitokea wawili au zaidi waliougua matiti au ovari, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, hiyo ni habari ambayo daktari anatakiwa aipate, na mume wako ahusishwe, kwa sababu kasoro ya kurithi hupita kwa baba sawasawa na kwa mama.